Regulata ya Chumba cha Mama Mkwe

Kwetu Kiirua, kule juu Meru, mtu akikwambia amenunua feni, unamwangalia mara mbili. Upepo tunao wa bure. Unashuka mlimani tangu alfajiri, unapita chini ya mlango, unakukuta umejifunika mablanketi mawili na bado unakusalimia. Ndiyo maana nilikuwa fundi stima kwa miaka mingi bila kuijua feni. Nilijua kutia nyaya nyumba nzima, kufunga mashine za posho, kufufua pasi na redio za walimu. Feni nilikuwa nimeziona katika ofisi moja mbili za Meru mjini, zimening'inia tu, buibui wamezifanya kwao. Hakuna aliyewahi kuniita kutengeneza hata moja. Nikajiambia feni ni mota, na mota ni mota. Mimi ni mtu wa kujiamini upesi na kukasirika upesi. Mke wangu husema vyote viwili vinapikwa katika sufuria moja.

Yeye ni wa Mbeere, kule chini Embu, nchi ya joto, mtama na ndengu. Nilipompeleka kwetu mara ya kwanza alivaa sweta tatu, na mama yangu akacheka hadi akaketi. Nami nilipopelekwa kwao nilivua koti, nikavua sweta, nikatamani kuendelea lakini nilikuwa mbele ya wakwe. Tulizungumza Kiswahili zaidi, kwa sababu Kimeru changu na Kimbeere chao ni ndugu, lakini ndugu hawaelewani kila siku.

Kwa wakwe zangu kulikuwa na nthoni, ile heshima ya mume wa binti kwa mama mkwe. Hata kwetu ipo, ila wao waliishika kwa mikono miwili, kanisa likaja likaikuta na kuiacha ilivyo. Humpi mama mkwe mkono. Huketi naye karibu, huli mbele yake. Mkikutana njiani, yeye anasogea upande wa ua na kushusha kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi, wewe unaangalia viatu vyako, mnasalimiana kama watu wawili wanaosalimu ardhi. Chumba anacholala, usikitaje. Miaka saba ya ndoa, uso wa yule mama niliujua kwa picha ya harusi yetu, na hata kwenye picha alikuwa ameangalia pembeni.

Lakini nilimpenda, niseme wazi. Kila tulipoenda nilikuta nimewekewa chupa ya asali, imefungwa kwa kitambaa safi, na hakuna aliyesema imetoka kwa nani. Kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa kwenye sahani yangu bila kukosa. Mtu anaweza kukupenda bila kukuangalia, na wewe ukajua.

Kisha moyo wake ukachoka. Daktari alisema umepanuka, hausukumi damu sawasawa, maji yanapanda mpaka kifuani. Akampa dawa, akaagiza alale ameegemea mito, na apate hewa ya kupita usoni, kwa sababu mgonjwa wa namna ile akipulizwa usoni anahisi pumzi inatosha. Mbeere mwezi wa pili, hewa ya kupita usoni utaitoa wapi? Hata mbuzi wanasimama kwenye kivuli wamefungua midomo. Baba mkwe wangu, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, akaenda mnada wa vyombo vya ofisi ya zamani pale Embu mjini, akanunua feni ya kutundika juu pamoja na regulata yake, lile sanduku la ukutani lenye kishikio cha kuzungusha, la kuongeza na kupunguza mwendo. Fundi mmoja wa pale sokoni akamfungia, kisha akaenda zake kutafuta kazi Nairobi.

Ikafanya kazi mwaka mzima. Halafu siku moja simu ikapigwa kwenye duka la Meru nilikokuwa nikipokea ujumbe. Alikuwa mzee mwenyewe. "Mkwe, njooni. Feni imepata wazimu. Ama inakimbia kama imekabwa na mashetani, ama haiendi kabisa. Ikikimbia mama yenu anakohoa mpaka anazimia. Ikisimama hapumui."

Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa pale, mke wangu na mimi, na mfuko wangu wa vifaa begani.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali na bati, haina siling'i. Kuta za ndani zilikomea usawa wa kenchi, na juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye bati, kwa hivyo sauti zilivuka toka chumba hadi chumba bila kubisha hodi. Niliingia sebuleni, na kabla sijaketi nikamsikia. Pumzi fupi fupi, kama mtu anayepanda mlima wa Nyambene, na kumbe ameketi kitandani. Nikaufungua mfuko na kuelekea kwenye pazia la chumba.

Mzee akasimama mbele yangu. "Mkwe, barabara inaishia hapa."

"Baba, mgonjwa ni mgonjwa," nikamwambia, na sauti yangu ikapanda, kama kawaida yake. "Hii si ziara. Ni kazi."

"Najua. Nimemuuliza mwenyewe. Amesema heri afe kuliko mkwe amkute na nguo ya kulalia."

"Basi mtoeni nje kidogo nitengeneze."

"Tulimtoa juzi mpaka barazani. Vumbi lilimwingia, midomo ikawa bluu. Daktari amekataza asisogezwe."

Ebo! Nikazunguka pale sebuleni kama jogoo aliyefungwa mguu. Nikalaani mila, nikamlaani fundi aliyekimbilia Nairobi, nikalaani joto. Yote hayo kwa sauti, na ukuta ule haukuzuia neno hata moja. Mke wangu akaichukua bisibisi mkononi mwangu. "Wewe sema, mimi nitafungua. Mikono ninayo."

Nikazima swichi kuu, ambayo ilikuwa sebuleni, nikasimama upande huu wa ukuta, yeye akawa upande ule.

"Umeona skrubu mbili za juu?"

"Sioni sanduku lenyewe. Kuna kalenda ya kanisa."

Walikuwa wametundika kalenda juu ya regulata, kuficha ubaya wake. Ilipotolewa, mgongo wake ulikuwa umekauka na kugeuka kahawia kama chapati. Hilo lingenifundisha kitu, kama ningekuwa mtu wa kufundishika siku ile. Nilichofanya ni kumhimiza tu. "Haraka basi! Hapana, si hiyo, ya kushoto! Kushoto kwako!" Skrubu moja ikaanguka ikabingiria chini ya kitanda, nikapiga kelele.

"Usinipigie kelele," mke wangu akasema. "Na mama si kiziwi."

Akaniletea lile sanduku. Nikalifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na kijiti cha udongo mweupe uliochomwa, kimezungushiwa waya mwembamba duru kwa duru, kama ule wa jiko la stima, na mahali pamoja ule waya ulikuwa umekatika. Nikauangalia kwa muda wa kumeza mate. "Imekufa, baba. Waya wa aina hii haushiki risasi ya kulehemu. Na hii ni mitambo ya mkoloni, haitengenezwi tena." Sikuwa na uhakika wowote, lakini fundi akisema kwa sauti nzito watu hutikisa kichwa kukubali, na mzee akatikisa.

Nikaenda Embu mjini. Duka la vifaa vya stima halikuwa na regulata. Feni, iwe ya juu au ya mezani, ilikuwa ya kuagizwa Nairobi na kungoja wiki mbili. Yule muuzaji akaniona ninavyohangaika, akatoa kitu rafuni: swichi ya kufifisha taa, ile ya kwenye mahoteli, unaizungusha taa inapungua polepole. "Hii pia inaongeza na kupunguza," akasema. "Stima ni stima."

Nami niliyekuwa nimejiambia mota ni mota, nitampinga vipi? Nikainunua.

Mke wangu akaifunga kwa maelekezo yangu. Nikawasha. Feni ikazunguka vizuri. Akapunguza, ikapungua. Akapunguza tena, ikaenda pole kabisa, polepole kama mtu anayetoka kanisani. "Hapo hapo! Iache hapo!" nikasema, maana mama mkwe aliogopa kichomi. Nikasikiliza. Kulikuwa na mvumo, mmm, kama nyuki ndani ya mzinga. Nikadhani feni zote huimba.

Chakula kikaja barazani. Mke wangu alikuwa katika jiko la nje, mikono imejaa unga, nikamwita. "Hebu muulize mama hewa ikoje." Akaenda akauliza akiwa sebuleni, hakufungua pazia. Akarudi. "Anasema asante sana. Hewa ni nzuri. Mungu akubariki."

Jamani, utamu wa maneno hayo! Nikajinyoosha kitini. Nikamweleza baba mkwe vile mafundi wa siku hizi hawafikirii, wanafunga tu na kukimbia. Nikamweleza habari ya mashine za posho nilizofunga toka Kangeta hadi Laare. Baadaye kidogo nikamwita mke wangu tena. "Muulize tena." Akauliza tena kwa nje. "Anasema asante, mkwe, asante sana." Nikajiongezea ndengu.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea upande wa mlima wakati mke wangu alipoingia chumbani na kikombe cha uji wa mtama. Nikasikia kikombe kikianguka.

"Zima! Baba watoto, zima stima!"

Nikairukia swichi kuu. Harufu ikanifikia juu ya ukuta, harufu ya mota inayoungua. Feni ilikuwa imesimama. Ilikuwa imesimama tangu wakati tunaanza kula, inavuma tu bila kugeuka, inachemka. Mke wangu alinieleza baadaye alichokikuta. Mama ameegemea mito, gauni limelowa jasho kama lililotoka kufuliwa, midomo rangi ya majivu, na mkononi ameshika kalenda ya kanisa, anajipepea. Anajipepea polepole, isitoe sauti.

Mke wangu akatoka kwenye pazia. Sijawahi kumwona vile. "Saa mbili! Saa mbili amekaa humu bila hewa!"

"Lakini alisema hewa ni nzuri," nikajitetea. "Wewe mwenyewe uliniletea jibu."

"Na angesema nini? Wewe ni mkwe! Mkwe anaambiwa asante. Hata ungemfungia sufuria pale juu ungeambiwa asante!" Akaanza kulia. "Na mimi mjinga, nauliza mama yangu nikiwa nje ya pazia kama karani."

Nilitaka kukasirika, maana hasira ndiyo mahali ninapokimbilia, lakini siku hiyo sikuipata. Niliona aibu tu. Nilikuwa karibu nimuue mama wa watu, huku nikisifiwa.

Nikamwelekeza mke wangu aitoe ile swichi ya taa na kuunganisha waya moja kwa moja. Nikawasha. Bahati nzuri mota haikuwa imeungua kabisa, feni ikaondoka kwa nguvu zake zote. Mama akapata hewa, na papo hapo akaanza kikohozi, kikohozi cha kupasua kifua. Wakamfunika shuka mpaka shingoni. Tulikuwa tumerudi palepale pa asubuhi: akohoe au asipumue. Na mtu mwenye moyo ule hana kifua cha kukohoa usiku kucha.

Baba mkwe hakunilaumu. Aliketi, akapangusa miwani yake, akasema, "Mwanafunzi akikosa hesabu ubaoni, hatoroki darasa. Anafuta, anarudia."

Nikalivuta lile sanduku la zamani nikaliweka mbele yangu. Safari hii sikuliangalia kama mtu anayetafuta sababu ya kulitupa. Nikafuata waya kwa kidole, toka mwanzo hadi mwisho.

Na kumbe ni kitu rahisi cha kukuaibisha. Kishikio kina hatua tano. Hatua ya kwanza baada ya kuzima ndiyo ya nguvu zote: stima inapita kando ya ule waya mwembamba na kwenda moja kwa moja kwenye feni. Mtu aliyetengeneza alijua feni nzito inahitaji nguvu kuanza, kwa hivyo unaianza juu ndipo unashuka. Ukizungusha hatua inayofuata, stima inalazimika kupita kwenye sehemu moja ya ule waya. Inayofuata, sehemu mbili. Mwisho, waya wote. Ni kama kumpitisha mtu kwenye tope kabla hajafika shambani. Atafika, lakini amechoka, atalima polepole, na jasho ameliacha njiani. Jasho lenyewe ndilo joto la lile sanduku. Feni ikienda polepole, sanduku linachemka. Linataka hewa. Wao wakalitundikia kalenda, likavimba joto mwaka mzima, waya ukakatika katika sehemu ya kwanza kabisa. Ndiyo maana hatua ya nguvu zote ilibaki nzima na nyingine zote zikafa. Hapakuwa na wazimu wowote.

Na ile swichi ya taa? Hiyo haichoshi stima. Inaikatakata, kama mtu anayefunga na kufungua bomba upesi upesi. Taa haijali, inafifia tu. Mota inajali. Inavuma, inapata joto, na stima ya kijijini ikipungua kidogo alasiri, watu wote wakiwasha redio, inakosa nguvu ya kugeuka na kusimama palepale ikijichoma. Hayo yote ningeyajua kama ningemuuliza mtu yeyote wa nchi ya joto. Lakini nilikuwa fundi kutoka Meru, ningemuuliza nani?

Waya ule kweli haushiki risasi. Lakini unaweza kubanwa. Nikakwangua ncha zake kwa wembe mpaka zikang'aa, nikaziingiza pamoja katika kibano cha shaba nilichotoa kwenye kiunganishi cha nyaya, nikakaza skrubu zote mbili. Nikapima kwa testa: njia ilikuwa imefunguka toka mwanzo hadi mwisho.

"Baba," nikamwambia mzee, "naomba nitoboe ukuta wako."

Nikamweleza. Sanduku likirudi nyuma ya kitanda litafichwa tena na kuungua tena. Likikaa huku sebuleni litapata hewa, na mimi nitalifikia bila kuvunja heshima ya mtu. Akaangalia ukuta. Mahali penyewe palikuwa na cheti chake cha ualimu ndani ya fremu. Akainuka akakishusha mwenyewe, akakiweka chini kikiwa kimeangalia ukuta, akaenda kuniletea nyundo.

Nilitoboa tofali kwa patasi, polepole, mke wangu upande wa pili ameshika kitambaa vumbi lisimfikie mgonjwa. Feni ilibidi izimwe muda huo, na kila pigo la nyundo nilisikia zile pumzi fupi zikiniharakisha. Jasho liliniingia machoni. Nikapitisha nyaya, nikalifunga sanduku, nikarudisha stima, nikaliwasha kwa nguvu zote kama linavyotaka, kisha nikashuka hatua moja. Feni ikapungua. Haikuvuma. Nikaweka kiganja juu ya sanduku, nikasikia joto linaanza kuja, joto zuri.

Sasa akabaki mama mkwe. Mimi nimeshika kishikio upande huu, hewa inampiga yeye upande ule, na simwoni. Nikamwambia mke wangu ampe kijiko na kikombe. Akigonga mara moja, niongeze. Akigonga mara mbili, nipunguze. Mke wangu akamweleza. Tukangoja.

Kijiko hakikugonga.

"Mama, gonga basi," mke wangu akasema kule ndani.

"Iko sawa. Mwambie mkwe asante."

Nikamsikia anakohoa baada tu ya kusema hivyo. Nikapunguza kwa kukisia. Nikasikiliza. Sikujua. Niongeze, nipunguze, nitajuaje? Regulata ilikuwa nzima, hatua tano zote, na haikuwa na maana yoyote ikiwa anayepumua hasemi. Nikaona wazi kwamba nikiondoka pale na asante nyingine mfukoni, yule mama atakufa kwa adabu.

Nikapaza sauti juu ya ukuta. "Mama!"

Baba mkwe akageuka akanitazama. Chumbani mke wangu akasema, "Mungu wangu."

"Mama, ni mimi. Usiniambie asante. Nakuomba kwa Mungu, niambie hewa ikoje."

Nikadhani nimemkosea kosa lisilofutika. Kisha sauti ikaja, nyembamba, lakini yenye makali ambayo sikuwahi kuyasikia.

"Ni nyingi. Inanipuliza mpaka masikioni. Unataka kunipepeta kama mtama?"

Nilicheka, na machozi yakanitoka hapohapo, sioni haya kusema. Nikashusha hatua. "Na sasa?"

"Bado."

Nikashusha tena. "Hapo je?"

Akavuta pumzi, akavuta ya pili. Zilikuwa ndefu kidogo. "Hapo. La, rudisha kidogo."

"Mama, hakuna kidogo. Ni hatua. Ni hii au ile."

"Na wewe si ndiye fundi? Tengeneza ya katikati."

Mzee alijiziba mdomo kwa mkono, mabega yakawa yanatikisika. Nikarudisha hatua moja, nikamwambia nimerudisha nusu. Akasema hapo ni pazuri. Huo ulikuwa uongo, na Mungu anisamehe, lakini alipumua.

Feni ilisikika inakata hewa, shu, shu, shu. Nilifikiri amelala. Ndipo akasema, si kwa binti yake, kwangu mimi:

"Mchana feni ilisimama kabla hamjanawa mikono."

"Najua, mama. Mbona hukusema? Ni kwa sababu ya nthoni?"

Alijibu vipande vipande, kwa sababu kila sentensi ilikuwa na gharama yake ya pumzi.

"Nthoni ni ya macho na miguu. Haizuii mtu kusema anakufa." Akapumzika. "Nilikusikia tangu asubuhi. Una sauti kubwa, mwanangu. Ulimpigia kelele baba, ukampigia kelele huyu binti. Nikaogopa. Nikasema, nikimwambia kazi yake ni mbaya atakasirika, atamchukua mke wake warudi kwao Meru. Nife sijamwona tena."

Nilikuwa nimeilaani mila siku nzima, na kumbe aliyekaa mlangoni kuizuia hewa ni mimi. Nilisimama pale na kiganja changu juu ya lile sanduku lenye joto mpaka likaanza kuniunguza.

"Hatuendi, mama," nikamwambia.

"Basi punguza sauti hata hiyo," akasema, "na uongeze hewa."

Tukakaa wiki sita, mpaka tulipomzika. Asubuhi, mchana na jioni alinigombeza juu ya ukuta, ni nyingi, ni kidogo, fundi gani wewe, nami nikazungusha. Na katika wiki zote hizo hakuniambia asante hata mara moja.